Kitasa Kutoka Handeni

Wiki iliyopita nilikuwa nashona ukosi wa shati la shule kwenye kibaraza changu hapa Korogwe, si mbali na stendi, mara kelele zikalipuka kwenye banda la fundi simu. Nilidhani mtu kagongwa. Nikatoa mguu kwenye cherehani, nikasimama. Kumbe timu yao, mojawapo ya zile kubwa za Dar, imesajili beki mpya. Vijana watano walikuwa wameizunguka simu moja wakilitazama jitu refu lililoshika jezi. Mmoja amevua fulana anaizungusha hewani. Fundi simu mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu na watoto watatu, alipiga magoti kwenye vumbi akainua mikono. "Pengo limezibwa! Jamani, pengo limezibwa!"

Nikarudi kukaa. Mshono ukaenda upande. Nikaufumua, nikashona tena, ukaenda upande tena. Nikaifunika cherehani kwa kanga nikafunga kazi kabla ya adhuhuri, jambo ambalo sijalifanya hata siku za homa. Wala si kwamba nilikuwa na huzuni. Ilikuwa ile hali ninayoijua tangu mdogo, ya mwili kufa ganzi, ukajibonyeza usisikie kitu.

Sisi tulisajili beki wetu nilipokuwa darasa la kwanza.

Kijiji chetu kiko njia ya Magoma, kule ambako ukitoka mjini mkonge unakusindikiza mpaka unachoka kuutazama, kisha inaanza michungwa na mahindi. Timu yetu ilikuwa na jezi za bluu zilizopauka, uwanja uliofyekwa na mbuzi, na magoli ya milingoti ya mkonge. Baba alikuwa katibu wa timu. Hakuwahi kuucheza mpira, maana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa, lakini alijua kikosi cha kila kijiji kuanzia kwetu mpaka Mashewa kama mwingine anavyojua majina ya wajomba zake. Na beki wa kati, namba nne, yule ambaye watu wa mpira humwita kitasa kwa sababu akisimama mlango umefungwa, alikuwa kaka yangu Rajabu.

Nyumbani tulizaliwa wengi, tukabaki wawili. Rajabu alikuwa mkubwa na mimi wa mwisho, na kati yetu kulikuwa na makaburi mawili madogo ambayo mama hakuyataja. Kwa hiyo Rajabu alikuwa mtu mzima kwangu, karibu awe baba wa pili, isipokuwa baba hakuwahi kunibeba mabegani kutoka uwanjani huku akinuka jasho na majani. Alikuwa na namna yake ya kumenya chungwa, ganda likatoka refu moja mpaka mwisho. Alinivalisha hilo ganda shingoni nikawa bibi harusi.

Masika yale mto Luengera ulijaa. Nilichokiona mimi ni wanaume wanakimbia na kamba kuelekea mtoni, na mama anatoka jikoni na mwiko mkononi, unga unamdondoka. Sikuona zaidi ya hapo. Jioni ileile shangazi alinichukua kwenda kwake Mazinde, akanipa maziwa na mkate, vitu ambavyo kwa kawaida tulipewa tukiugua. Nilikaa huko siku kumi. Nilicheza na watoto wa shangazi, tukajenga nyumba kwa mabaki ya katani, nikafurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Niliporudi, uani palikuwa na majamvi na sufuria za kuazima. Nikamuuliza baba, "Rajabu yuko wapi?" Mzee mmoja aliyekaa karibu naye ndiye aliyenijibu, kwa upole, mkono juu ya kichwa changu: "Kaka yako ametangulia mbele ya haki, mjukuu wangu."

Basi nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini nilielewa kabisa, pasipo shaka hata kidogo. Kutangulia nilikujua. Mama alikuwa akiniambia, "Tangulia shambani, nakuja." Na mbele nilikujua. Iliyobaki ni hiyo Haki, nami nikaona lazima ni mahali, mji ulioko mbele ya Mashewa ambako sijafika, na kwa kuwa Rajabu hakuwa na kazi nyingine anayoitiwa na watu zaidi ya mpira, ni dhahiri timu ya huko ilikuwa imemchukua. Kila aliyekuja kutoa pole alizidi kunithibitishia. "Amekwenda mahali pazuri," walisema. "Alikuwa mzuri mno, ndiyo maana kaitwa mapema." Wengine walivuta pumzi, wakasema, "Sote tutamfuata."

Nilimwambia rafiki yangu Asha shuleni, "Kaka yangu amesajiliwa Haki."

"Haki ni wapi?"

"Mbele. Unapita Mashewa, unaendelea."

Asha alitikisa kichwa kwa heshima. Naye alikuwa hajafika Mashewa.

Siku moja mama alikuwa anachambua mchunga, mboga ile chungu tunayolia bada, ugali wetu wa muhogo. Nikakaa karibu yake nikamuuliza, "Mama, tutamfuata lini Rajabu? Nivae gauni gani?" Mama aliushika mkono wangu ulioshika jani, akaubana, akaushikilia hivyo mpaka ukaniuma. Kisha akauachia, akaendelea kuchambua. Nikadhani hajaamua gauni.

Hivi ndivyo tulivyokaa miezi hiyo. Hakuna aliyelia mbele yangu. Baba aliamka, akaswali, akaenda shamba, akarudi. Mama alipika. Wakati wa kula, sahani zilipowekwa, kila mtu alitazama yake. Hata redio haikuwashwa, na sikusikia yeyote akikataza kuiwasha.

Arobaini ilipokwisha, walikuja mwenyekiti wa timu na Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi aliuza maandazi asubuhi, na siku za mechi ndiye aliyepiga debe na kuongoza mashabiki. Sauti yake ilikuwa inafika hadi ng'ambo ya mto. Siku ile aliongea chini kama mtu anayenunua dawa.

"Katibu," alisema, "tunajua msiba bado mbichi. Tusingekuja."

"Mmekuja," baba akasema. "Semeni."

Mwenyekiti akakohoa. "Mashindano ya tarafa yanaanza. Pale nyuma pako wazi, Katibu. Mechi ya kirafiki juzi tumepigwa tano. Vijana wanacheza huku wanageuka kutazama nyuma, kama watu waliosahau kufunga mlango."

"Kuna kijana Handeni," akasema Bi Mwanaidi, "kule Sindeni. Hoseni. Yule aliyemfunga kamba straika wetu tulipokwenda kucheza kwao."

"Namkumbuka," baba akasema.

"Wewe ndiye ambaye mzazi wake angekusikiliza. Akija huyo, atachukua nafasi ya Rajabu."

Mama alikuwa anapepeta mahindi pale mlangoni. Sauti ya ungo haikusita. Baba alimtazama, akangoja, kama vile anampa nafasi ya kusema neno.

"Alhamisi nitakwenda," baba akasema.

Leo nikiwa mtu mzima nimejiuliza sana kwa nini alikubali. Wapo waliosema mzee yule hana moyo, mwanawe hata udongo haujakauka anakimbilia usajili. Nadhani hakuwa na kitu kingine alichojua kufanya kwa mikono yake. Mtu akikatwa na jembe huendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, halafu ndipo anatazama mguu.

Mimi nilishika neno moja tu: atachukua nafasi ya Rajabu. Nafasi ya Rajabu naijua. Ilikuwa kitanda cha kamba kwenye chumba cha nje, kigoda upande wa kulia wa baba, na sahani ya bati yenye ua jekundu. Haki wamemchukua kaka yetu, nasi baba anakwenda Handeni kutuletea mwingine. Niliona ni jambo la haki kabisa, na baba yangu ni mtu hodari.

Alhamisi baba alipoondoka nikaanza kazi. Nilitoa godoro la Rajabu juani, nikalipiga kwa fimbo mpaka nikapiga chafya. Nikafagia. Nikatandika shuka, lakini mikono yangu haikufika upande wa ukutani, likawa linavutika huku na huku. Mama akanikuta hapo. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaingia, akapita upande wa pili, akaushika ule upande wa ukutani na kuuchomeka chini ya godoro. Tukatandika pamoja. Nilipomaliza kunyoosha mto alikuwa ameshatoka.

Kijijini habari zilikwisha kuwaka. Kwa Bi Mwanaidi maandazi yalikuwa yanaungua watu wanabishana.

"Handeni?" alisema mzee mmoja. "Kule maji yenyewe ya kugombania lambo na ng'ombe. Mpira watautoa wapi?"

"Ndiyo maana!" Bi Mwanaidi akamjibu akimnyooshea kijiti cha kugeuzia maandazi. "Mtu aliyekua anatembea nusu siku na ndoo, unadhani atachoka dakika ya themanini? Huyo pumzi anazo mpaka za kukukopesha."

"Nasikia mwembamba."

"Mlingoti nao mwembamba, na goli limesimama."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimetumwa chumvi, nikasimama nikasikiliza, nikajisikia fahari kuliko wote, maana wao walikuwa wanamsubiri beki, na mimi nilikuwa nasubiri kaka.

Walifika Jumamosi alasiri. Pikipiki moja, watu watatu, mshikaki: dereva mbele, kijana mrefu katikati amekumbatia begi, na baba nyuma, mguu wake mfupi unaning'inia. Kijiji kizima kilikuwa barabarani. Bi Mwanaidi alilipiga debe hadi likabonyea. Wakamshusha yule kijana wakambeba juu juu, wakiimba "Kitasa! Kitasa!" wakaingia naye uani kwetu, palepale palipokuwa na majamvi ya msiba. Mtu mmoja alikuwa analia kwa furaha. Mwingine anampapasa kijana misuli ya mapaja kama anayenunua ng'ombe. "Huyu hapitiki," alisema. "Mashewa wajiandae. Huyu hapitiki!"

Kijana hakucheka. Alipowekwa chini alikwenda moja kwa moja jikoni, akainama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akasema, bila kugeuka.

Baba akaingia ndani akatoka na jezi namba nne. Mama alikuwa ameifua na kuikunja tangu masika. Akamkabidhi mbele ya watu, mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu kitu kizito. Hoseni aliishika akaitazama. Watu wakapiga kelele, "Vaa! Vaa!" Akaivaa juu ya shati lake. Ilikuwa fupi mikononi. Makofi yalipigwa hadi kuku wakaruka ukuta.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Nilipenya katikati ya miguu ya watu, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka chumba cha nje, nikasukuma mlango ili kila mtu aone kazi niliyoifanya.

"Hapa ndipo utalala," nikamwambia. "Miguu itatokeza, lakini hata ya kaka inatokeza. Na akirudi, mtabanana."

Debe likanyamaza. Sijawahi kusikia watu wengi kiasi kile wakinyamaza kwa pamoja. Niliwatazama, nikadhani labda shuka limekaa vibaya. Bi Mwanaidi alijifunika mdomo na upindo wa kanga. Mwenyekiti akavua kofia. Hakuna aliyenisahihisha, si baba, si yeyote. Mmoja mmoja wakaaga kwa sauti za chini, wakaondoka, na uani tukabaki sisi, na yule mgeni amevaa jezi, mkono wake bado ndani ya mkono wangu, hajui autoe au auache.

Alilala pale. Baba alikuwa amemwahidi mahali pa kukaa, na kitanda kilikuwa kimoja tu kisicho na mtu.

Hoseni alikuwa mtu wa maneno machache. Alizungumza Kiswahili chenye Kizigua ndani yake, na baba alimjibu Kizigua cha kuokoteza, wakaelewana. Akinywa maji hakumwaga yaliyobaki kwenye kikombe, aliyamimina kwenye mche wa mpapai nyuma ya nyumba, tone kwa tone. Asubuhi alikwenda shamba na baba, jioni mazoezini. Mama alimpakulia, akamwekea, akaondoka. Hakumtesa wala hakumkaribisha. Alimwita "mgeni," hata mwezi wa pili ulipokwisha. "Mgeni hajala." "Mwambie mgeni maji yako bafuni."

Mimi nilimpima. Nilimpa chungwa. Alilimenya, ganda likatoka vipande vipande, vingine vikaanguka chini. Nikalila hivyohivyo nikamwambia atazoea. Nikamwambia anibebe kutoka uwanjani. Alinibeba, lakini alinishika vifundo vya miguu kwa nguvu mno, kama mtu aliyebeba yai la mwenzake.

Siku moja, njiani kutoka mazoezini, nikiwa hapo juu ya mabega yake, nilimuuliza. "Wewe umetembea. Haki unaijua? Iko mbali na kwenu?"

"Haki?"

"Alikotangulia Rajabu. Mbele ya Haki."

Hatua zake zikapungua. Sikuuona uso wake, niliona kisogo tu. Tulipita mti mmoja, tukapita mwingine.

"Sijafika," akasema.

"Timu yao kali?"

Akaniweka sawa begani. "Wanasema haijawahi kufungwa."

Nikaridhika. Ilikuwa ni timu inayomfaa kaka yangu.

Kisha Mashewa wakaja. Mechi ile watu walikuwa wakiihesabia siku. Walikuja kwenye lori, na ngoma, wamejipaka masizi usoni. Uwanja wetu ulizungukwa safu tatu. Mimi nilikaa kwenye nyasi karibu na baba, aliyekuwa na ndoo ya maji na taulo la wachezaji. Mama hakuja. Hakuwahi kuja uwanjani hata wakati wa Rajabu, alikuwa akisema hawezi kutazama mtu akimkanyaga mwanawe.

Kipindi cha kwanza Hoseni alicheza vizuri, nakumbuka Bi Mwanaidi akisema, "Mnaona? Mlingoti!" Cha pili, straika wa Mashewa, mfupi mwenye miguu ya upinde, alikuja na mpira upande wetu. Hoseni akamfuata. Yule akajifanya anakwenda kulia, akaupitisha mpira katikati ya miguu ya Hoseni, akamzunguka, akabaki na kipa. Goli.

Mashewa wakaingia uwanjani wakigaragara. Upande wetu watu walishika vichwa. Halafu mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Angekuwa Rajabu!"

Mwingine akaitikia, "Angekuwa Rajabu, asingepita!"

Wakaanza. Sijui nani aliyeanza kupiga makofi ya kufuatisha. Uwanja mzima, watu walewale waliombeba juu juu, wakawa wanaimba, "Ra-ja-bu! Ra-ja-bu!" Bi Mwanaidi hakuimba. Debe lilikuwa miguuni kwake. Hoseni alisimama katikati na mikono kiunoni, ameinamisha kichwa, jezi fupi imempanda tumboni. Mimi niliimba. Niliimba kwa nguvu zangu zote, nikatazama barabara ya Mashewa, nikiwa na hakika kwamba kelele kubwa namna ile lazima imfikie, na kwamba Haki watamruhusu aje hata kwa kipindi kilichobaki.

Baba akaweka ndoo chini. Akaingia uwanjani. Mwamuzi akapuliza filimbi, baba hakugeuka. Alikwenda na ule mwendo wake wa kupanda na kushuka mpaka alipofika kwa Hoseni, akasimama ubavuni mwake, akawageukia watu. Alinyanyua mikono yote miwili. Walichelewa kunyamaza, lakini walinyamaza.

"Rajabu amekufa," baba akasema.

Hakupaza sauti sana. Upepo haukuwepo, kila mtu alisikia.

"Amekufa. Nimemtoa mtoni mimi, nimemzika mimi kwa mikono hii. Hachezi tena. Mkimwita haji." Akapumua. "Huyu anaitwa Hoseni. Ni mtoto wa watu. Nimemwomba kwa mama yake. Kama mna neno la kumwambia, mwiteni kwa jina lake."

Akatoka uwanjani, akarudi akaishika ndoo. Mechi ikaendelea. Tulifungwa moja bila.

Sikungoja mwisho. Niliinuka nikaenda nyumbani peke yangu, njia ya kupita kwenye michungwa. Nakumbuka nilihesabu miti, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Sikulia. Nilikuwa najaribu kumfanya Rajabu awe amekufa kichwani mwangu na hakukaa hivyo, alikuwa anainuka na kuendelea kukimbia.

Mama alikuwa uani anaanua nguo.

"Mama," nikasema, "Rajabu amekufa."

Alisimama na shati mikononi. "Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Nikafikiri. "Siku ile niliyokwenda kwa shangazi?"

"Siku ile."

Siku ya maziwa na mkate. Siku ya nyumba za katani. Mama akaliweka shati kwenye kamba tena ingawa lilikuwa limekauka, akaketi chini kwenye udongo, akanivuta nikaketi katikati ya miguu yake, mgongo wangu kifuani kwake. Nilisikia tumbo lake likitikisika nyuma yangu. Mimi nilitazama kuku. Tulikaa hivyo mpaka tukasikia watu wanarudi.

Hoseni aliingia chumba cha nje bila kuonana na mtu. Akatoka na begi lake, na ile jezi ameikunja vizuri mikono ndani. Alimwambia baba kwamba anaomba ruhusa, kesho asubuhi angepata gari la Korogwe, na kutoka Korogwe la Handeni halikosekani. Baba alikuwa hana tena maneno, alikuwa ameyamaliza uwanjani.

Mama ndiye aliyesema. Alikuwa ameshika mwiko, anasonga bada, akageuka.

"Hoseni."

Ilikuwa mara ya kwanza. Yule kijana akaweka begi chini bila kujijua.

"Naam, mama."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Fatuma. Mama Fatuma Mnkande."

"Unamwambia nini ukimpigia?"

Hoseni akatazama vidole vyake vya miguu. "Namwambia nimefika salama. Nakula vizuri."

"Leo mwambie mmefungwa," mama akasema. "Mwambie na ukweli. Wasije wakamwambia watu. Halafu njoo ule, bada ikipoa inakuwa jiwe."

Hakuondoka. Alicheza misimu miwili, akawa beki wa kawaida tu, si bora kuliko kaka yangu, wala hakuna aliyesema tena kuwa ni bora au si bora. Kisha akarudi kwao Sindeni, akaoa, akalima mahindi na kufuga mbuzi. Barua hakuandika, simu alipiga mara chache, zaidi sikukuu. Mimi nilikua. Nilisoma nilipofikia, nikajifunza kushona. Ile ganzi ilinitoka kidogo kidogo, ikabaki sehemu sehemu, siwezi kusema ilitoka lini.

Baba alifariki nikiwa nimeshaanza kazi hapa mjini. Aliugua kifua wiki mbili. Nilifika kabla hajakata roho, na nilikuwa mtu mzima wa kutosha kuambiwa kila kitu kwa jina lake. Wanawake hatukwenda makaburini. Tulikaa ndani na mama, ambaye alikwisha kufunikwa kwa kanga nyeupe, eda imeanza. Waliporudi, baba mdogo ndiye aliyenisimulia.

"Kaburi lilikuwa tayari," alisema. "Shehe akauliza, nani wa karibu washuke wampokee? Nikashuka mimi. Akashuka mtoto wa shangazi yako. Akatakiwa wa tatu, upande wa kichwani. Tukatazamana. Marehemu hana kijana. Basi nyuma ya watu akatoka mtu mrefu, sijui amefika saa ngapi, viatu vina vumbi jekundu la Handeni. Hakuuliza. Akavua viatu, akashuka."

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye jiwe, suruali imechafuka udongo hadi magotini. Ameanza mvi za pembeni. Nilimmiminia maji, akanawa mikono, kisha miguu. Tukapeana pole.

Nikarudi ndani. Mama aliniuliza ni kina nani walioshuka kaburini, nami nikamtajia: baba mdogo, mtoto wa shangazi, na Hoseni. Mabibi waliokuwa naye wakaendelea na uradi wao. Mama alinyoosha kanga magotini, akaikunja, akainyoosha tena.

"Nenda kampelekee mwanangu chakula," akasema. "Ametoka mbali."

Nikaenda jikoni nikapakua.